Benki ya mbegu za mboga Kayenze: shajara ya mradi, Juni hadi Machi

Juni, kiangazi kinaanza

Kamati imekaa, orodha imepita. Tunaanza na mboga tunazokula na kuuza wenyewe hapa Kayenze, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza: mchicha, mgagani, mnavu, mlenda, kunde, bamia, ngogwe, maboga na nyanya ya kienyeji. Kabichi, sukuma wiki na vitunguu hatutazalisha mbegu zake, kwa kuwa mimea hiyo hutaka baridi ya kutosha ndipo itoe maua, na baridi ya namna hiyo huku mwambao wa ziwa haipo. Hizo tutaendelea kununua. Lakini mbegu ya kununua nayo inahitaji mahali pa kulala, kwa hiyo imo kwenye mradi.

Sababu ya kuanzisha benki hii kila mwenye bustani anaijua. Mvua za vuli zikikaribia, watu hutoa mbegu walizofunga kwenye kipande cha kitenge tangu mwaka jana, husia, humwagilia asubuhi na jioni, na kitalu hubaki udongo mtupu. Halafu lawama zinaanza: mbegu feki, ardhi imechoka, kuku wa jirani, siafu. Mara nyingi mbegu ilikuwa nzima siku inavunwa. Ilifia ndani ya nyumba, kimyakimya, kati ya masika na vuli.

Chumba tumepata. Ni stoo ya mwanakikundi, ya tofali za kuchoma, bati juu, dirisha linatazama ziwani. Dirisha tumekubaliana libaki limefungwa. Bati tumeliwekea dari ya mbao na magunia, maana chini ya bati tupu saa nane mchana hakufai hata kwa mahindi. Rafu ziko chini, upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri.

Juni, wiki ya mwisho: hesabu kabla ya kununua

Nusu ya kamati ilitaka fedha zote ziende kwenye friji ya mtumba. Nikaomba tufanye hesabu ubaoni kwanza.

Mtaalamu wa mbegu James Harrington, wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, aliacha kanuni mbili ambazo wahifadhi mbegu bado wanazitumia. Ya kwanza: unyevu uliomo ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia moja, umri wa mbegu huongezeka mara mbili. Ya pili: joto la mahali pa kuhifadhia likipungua kwa nyuzi 5 za Selsiasi, umri huongezeka mara mbili vilevile. Ni makadirio, na yana mipaka yake (mbegu ikishakauka chini ya asilimia 5 hivi hakuna faida zaidi), lakini kwa kuamua ununue nini yanatosha kabisa.

Sasa tazama bamia. Ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 75, mbegu yenyewe hutulia kwenye unyevu wa asilimia 13 hivi. Ikikaa kwenye hewa ya asilimia 30, hushuka hadi kama 8. Tofauti ni asilimia tano, yaani kuzidisha mbili mara tano: umri mara 32. Friji je? Toa nyuzi 26 za chumbani uzifikishe 6. Hapo umeshuka nyuzi 20, yaani hatua nne: umri mara 16. Friji si kitu kidogo, ila inakula umeme usiku na mchana, umeme wenyewe unakatika, na ndani yake kuna unyevu mwingi. Mbegu iliyofungwa kwenye karatasi ikawekwa friji huvuta maji humo humo. Kukausha kunafanywa mara moja na hakuna bili.

Ipo na kanuni fupi zaidi, ya kujumlisha: chukua joto kwa Farenhaiti, ongeza unyevu wa hewa kwa asilimia, jumla isizidi 100. Nyuzi 26 za Selsiasi ni karibu 79 za Farenhaiti. Ongeza unyevu wa 70 tunaoishi nao hapa kando ya ziwa: 149. Mweka hazina alitazama ile namba, akafunga daftari lake, akasema, "Basi friji ingoje." Kura hazikuhitajika.

Kwa joto hatuko pabaya. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Mwanza una ubaridi ambao mtu wa Tanga angeutamani. Adui wetu ni maji yaliyomo hewani. Hapo ndipo fedha inakwenda: chupa za kioo zenye vifuniko vya mpira, chupa za soda za plastiki, na kipima unyevu kidogo cha kielektroniki kinachoingia ndani ya chupa.

Julai: kupima kipimo

Kipima unyevu cha bei nafuu hakiaminiki mpaka ukijaribu. Njia ni ya jikoni: chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, matone machache ya maji mpaka iloane bila kuyeyuka, kisha kifuniko na kipimo vyote ndani ya chupa iliyozibwa, usiku kucha. Hewa iliyo juu ya chumvi yenye maji hutulia kwenye asilimia 75, iwe Kayenze au kwingineko. Chetu kilisoma 79. Tumekibandikia plasta mgongoni: "toa 4".

Kisha tukakiweka nje, kivulini, tukakisoma mchana kutwa. Alfajiri na umande wake kinapita 80. Kuanzia saa tano kinashuka, na kati ya saa nane na saa kumi alasiri, siku isiyo na wingu, kinafika karibu na 45. Jua likianza kuzama kinapanda tena. Mbegu nayo inapanda na kushuka na hewa hiyo hiyo, kwa kuchelewa kidogo. Kwa hiyo sheria mbili za kwanza za benki zimepatikana kutoka kwenye kipimo, hazikutungwa na mtu: mbegu inayoanikwa inaingizwa ndani kabla ya jioni, na chupa inafungwa alasiri, kamwe si asubuhi.

Julai na Agosti: kuvuna na kuanika

Mbegu mbovu haiponyeshwi na chupa nzuri. Iliyovunwa changa huzeeka haraka hata ukiikausha vizuri, kwa hiyo kazi kubwa ya miezi hii imekuwa kuwazuia watu wasivune. Ngogwe lazima iachwe mtini mpaka iwe nyekundu na kuanza kulegea, jambo linalomuumiza mwenye kuuza kwa fungu. Bamia ibaki mpaka ganda likauke, liwe la kahawia na kuanza kupasuka kwenye mistari yake. Mnavu uive mpaka tunda libonyee. Mchicha ukikaribia kuiva, unasugua suke kiganjani. Mbegu nyeusi zinazong'aa zikimwagika zenyewe, kata.

Kuhusu mchicha kuna neno la pembeni. Chavua yake huchukuliwa na upepo, na mchicha pori umejaa kwenye mifereji yote. Tulipita tukaung'oa kuzunguka shamba la mbegu kabla haujachanua. Kunde na nyanya hazisumbui hivyo, maana kwa kawaida hujichavusha zenyewe. Maboga ni ya nyuki, na nyuki hana mipaka. Mwanakikundi mmoja tu ndiye amepewa jukumu la maboga, na jirani zake wamekubali kupanda aina hiyo hiyo.

Mbegu za chotara hatuzipokei. Zinaota, lakini watoto hawafanani na mama.

Nyanya ndiyo iliyokusanya watu wengi siku ya mafunzo. Unakata tunda lililoiva sana, unakamua mbegu na ute wake kwenye bakuli, unafunika kwa kitambaa na kuacha kivulini siku mbili. Kufikia siku ya pili juu kuna utando mweupe na harufu inayofukuza watoto. Koroga: mbegu nzima zinazama peke yake, ule ute uliokuwa umezifunika umeyeyuka, mapepe na maganda yanaelea. Mwaga vya juu, ongeza maji safi, koroga, mwaga tena, mpaka maji yatoke meupe. Malizia kwenye chujio la chai. Usizitandaze kwenye gazeti, zitagandia na utazibandua na karatasi yake. Sahani ya bati au ya udongo inafaa, na uzigeuzegeuze kwa kidole saa za mwanzo ili zisishikamane. Zikikauka zinakuwa na vinyweleo vya kijivu, kila moja peke yake. Ukizichukua kiganjani zinateleza.

Vichanja tumeazima fikra kwa waanika dagaa wa Igombe. Wanaoanika vizuri wameacha mchanga siku nyingi. Dagaa wako juu ya wavu, hewa inapita juu na chini. Sisi tumetengeneza fremu za mbao, tukatandika chandarua kizee kisicho na dawa, tukaziweka kivulini chini ya mwembe. Upepo wa ziwa wa mchana unafanya kazi yake. Miguu ya vichanja imo ndani ya makopo ya maji kwa ajili ya sisimizi.

Kuna waliotaka kuanika juu ya bati. Bati la mchana huchoma kiganja. Mbegu ambayo bado ina maji huumia kuanzia nyuzi 40 hivi, na mbegu iliyopikwa haina dalili yoyote kwa nje. Jua la asubuhi la saa moja au mawili kwa mbegu ambazo ziko kwenye maganda, sawa. Baada ya hapo kivuli.

Jinsi ya kujua imekauka: mbegu ya boga ikikunjwa ikatike *ta!* Ikipinda, irudi kichanjani. Kunde ing'ate: jino lisiache alama. Mchicha na mnavu ni midogo mno kwa ukaguzi wa namna hiyo, hiyo tunaipimia ndani ya chupa.

Agosti, mwisho: kibuyu

Tumemtembelea bibi mmoja mwenye sifa ya kutokununua mbegu. Baada ya *mwangaluka*, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na kukalishwa kwenye vigoda, alituonyesha juu ya mafiga: vibuyu vimening'inia darini, vyeusi kwa masizi, midomo imezibwa kwa magunzi na kusiribwa. Ndani kuna mgagani na mlenda uliochanganywa na majivu yaliyochekechwa. Nikamwomba afungue kimoja nione. Akacheka.

"Mwalimu, mbegu haipendi kuchunguliwachunguliwa."

"Bibi, nitajuaje kama nzima?"

"Utaijua siku ya kusia."

Kwa nusu ya kwanza ninamuunga mkono moja kwa moja. Kila chupa inapofunguliwa, hewa ya ziwa inaingia na unyevu wake, na chupa inayofunguliwa kila juma ni sawa na isiyo na kifuniko. Majivu makavu nayo yanafanya kazi: yanavuta unyevu kidogo na yanawakwangua wadudu ngozi. Moshi unawafukuza. Joto la mafiga kwa upande mmoja linakausha, kwa upande mwingine linafupisha umri, ila kwa mbegu inayokaa msimu mmoja hadi unaofuata, kukausha kunashinda.

Ambalo halizungumzwi sana ni kwamba majiko ya gesi yameondoa ile dari. Nyumba nyingi huku mbegu ilikuwa inakauka jikoni bila mtu kupanga, kwa sababu moto uliwaka kila siku chini yake. Sasa jiko ni safi, mbegu imehamia kabatini, na kabati halina moshi wala joto. Sitaki moshi urudi, mapafu ya mama zetu yameteseka vya kutosha. Lakini lazima kazi ya ile dari ifanywe na kitu kingine.

Septemba: mchele wa kukaanga

Kitu chenyewe ni hiki. Mbegu iliyoanikwa hapa kivulini, hata kiangazi, haishuki chini ya hewa inayoizunguka. Ili ifike tunapotaka lazima ifungiwe pamoja na kitu chenye kiu kuliko yenyewe.

Tumejaribu mchele. Unaukaanga bila mafuta kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka uanze kugeuka rangi, unaumimina ungali wa moto kwenye chupa kavu na kuziba. Ukishapoa, mbegu zinaingia juu yake ndani ya kifuko cha kitambaa chepesi, uzito wa mchele mara mbili ya uzito wa mbegu. Baada ya wiki mchele unatolewa, unakaangwa upya, unarudishwa. Chupa ya bamia ilianza kwenye 52; baada ya kubadilisha mchele mara kadhaa inasoma chini ya 35. Mkaa uliokaushwa vizuri motoni nao unavuta, ila unachafua vifuko na watu hawaupendi.

Silika jeli ni kali kuliko mchele. Tumenunua kiasi kidogo, ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Unaipasha moto mpaka rangi irudi na inatumika tena. Hiyo tumeitengea vitunguu na mbegu chache tusizoweza kuzipata tena. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu ambavyo watu wanatuletea kwa moyo mwema vimeshashiba unyevu kabla ya kutufikia. Bila kupashwa moto havifai kitu.

Lengo letu ni chupa isome kati ya 20 na 30. Juu ya 65 kuvu inaanza kuishi humo. Kijana mmoja aliuliza kama tunaweza kutumia ule mtungi ndani ya mtungi, wenye mchanga mbichi katikati, unaopoza nyanya za sokoni. Kwa nyanya ni kifaa kizuri sana. Kwa mbegu ni kaburi, maana unapoza kwa kutoa maji hewani, na maji hayo ndiyo tunayoyakimbia.

Kuhusu vyombo: kioo chenye kifuniko cha mpira ndicho bora. Chupa ya soda iliyokaushwa na kufungwa kwa nguvu inafuata, si mbali sana. Mfuko mwembamba wa plastiki hupitisha unyevu polepole, na ile mifuko mbadala ya kitambaa tuliyoanza kuitumia baada ya katazo la Juni 2019 haizuii chochote. Pakiti za madukani za karatasi ya aluminiamu ni nzuri sana mpaka zikatwe. Zikishakatwa, tarehe iliyoandikwa mgongoni haikuhusu tena.

Lebo inaandikwa kwa penseli, moja nje na moja ndani: aina, mtaa ilipovunwa, mwezi wa kuvunwa, mwezi wa kufungwa, matokeo ya kuota. Wino huku unafifia.

Septemba, mwisho: kunde

Chupa tatu za kunde zilizoletwa na wanachama zina wadudu. Ukiinua punje kwenye mwanga unaona vidoa vyeupe vimegandamana na ngozi yake. Hayo ni mayai. Kwenye punje nyingine kuna dirisha la duara la kijivujivu: hapo chini mdudu ameshamaliza kula na anajiandaa kutoka. Zenye tundu wazi ameshaondoka. Kila aliyeleta anaapa kwamba aliziweka pasafi, na ni kweli. Wadudu hawa hutaga kwenye maganda shambani, wanaingia nyumbani ndani ya mavuno.

Dawa ya unga hatutaki, maana kunde ya mbegu ikibaki huishia chunguni. Tumetumia njia ya kuwanyima hewa, ile ile ya mifuko ya PICS, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, iliyoanzia kwenye utafiti wa kunde kule Kameruni miaka ya 1980. Kunde kavu zinajazwa kwenye chupa ya soda mpaka mdomoni, ukigongagonga chupa ili zishuke na pasibaki nafasi, kisha kifuniko kinakazwa. Wadudu wanaimaliza hewa iliyomo, wanaacha kula, wanakufa. Chupa isifunguliwe mpaka upite mwezi mzima, hata kwa udadisi. Nimeandika hivyo kwenye lebo kwa herufi kubwa, na chini yake mtu ameongeza: *Bibi alisema*.

Oktoba, kabla ya vuli: jaribio la kuota

Kila aina, mbegu 100, mistari kumi ya kumi, kwenye vipande vya kanga kuukuu vilivyochemshwa na kukamuliwa. Vinakunjwa kama mkeka, vinaingizwa kwenye ndoo yenye kifuniko, ndani ya nyumba. Mchicha tunauhesabu kuanzia siku ya nne, kunde siku ya tano na ya nane, nyanya hadi siku ya 14, bamia tunaivumilia mpaka wiki ya tatu.

Tunaandika vitu viwili: ngapi zimeota na zimeota kwa kasi gani. La pili ndilo linaloonya mapema. Mbegu inayozeeka huanza kwa kuchelewa, kisha hutoa miche iliyopinda au yenye mzizi uliokatika, na mwisho kabisa ndipo haioti. Ukisubiri namba ishuke umechelewa.

Nyanya, mchicha na ngogwe: tisa katika kumi au karibu na hapo. Bamia imesinyaa kidogo lakini inafaa. Kunde za chupa nzima zimetoka zote kwa wakati. Zile zenye matundu, chini ya nusu, na miche yake ni minyonge.

Mgagani wa Agosti haukuota karibu wote, na hapo mkutano ulichafuka. Haujafa. Mbegu mpya ya mgagani hulala. Inahitaji kukaa kavu miezi mitatu hadi sita ndipo ikubali kuota, na haipendi mwanga wakati wa kuota. Mgagani wa mwaka jana, kutoka kwenye kibuyu cha Bibi, tuliuweka gizani ukaota vizuri sana. Kwa hiyo kwa zao hili mbegu ya mwaka jana ni bora kuliko ya juzi, na muuzaji anayekuapia kwamba ameivuna wiki iliyopita hakufanyii hisani.

Mlenda ni kesi nyingine. Ganda lake ni gumu, maji hayaingii. Tulifunga mbegu kwenye kitambaa, tukakichovya kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde kama kumi, tukakitia kwenye maji baridi. Upande wa zilizochovywa kanga ilijaa vichipukizi. Upande wa zisizochovywa, hapa na pale. Ni miaka mingapi tumekuwa tukitupa mlenda mzima kwa kudhani umekufa?

Vitunguu vilinunuliwa kwenye duka moja mjini, vikapimwa kwa kifuniko kutoka kwenye kopo lililokuwa wazi kaunta. Havikufika nusu. Kitunguu ndicho chenye roho nyepesi kuliko mboga zote tunazopanda huku, na kopo lililo wazi kwenye unyevu huu lina miezi ya kuhesabu. Tumekubaliana kununua kopo dogo lililofungwa, kwa kuchanga, na kulifungua pamoja.

Novemba

Mvua kila siku ya pili. Hewa ya stoo iko juu ya 80 usiku. Chupa zenye kipimo ndani hazijasogea. Sina zaidi.

Januari: muda wa kukaa

Wanachama wanataka namba ya kubandika ukutani. Hizi ni za mbegu kavu, iliyozibwa, chumba chenye ubaridi. Ikiachwa kwenye kitambaa gawanya kwa mbili au zaidi. Kitunguu mwaka mmoja, wa pili ukiwa na bahati. Bamia na pilipili hoho miwili. Kunde, maharage na karoti mitatu. Kabichi, sukuma wiki, nyanya, biringanya, maboga na tikitimaji minne. Tango mitano. Ukipata nusu ya uotaji, sia mara mbili. Ukipata chini ya hapo na huna nyingine, sia zote mwaka huu huu na ukusanye mbegu mpya.

Wanafunzi wangu waliuliza mbegu inaweza kuishi kiasi gani. Niliwaambia kuhusu William Beal, aliyefukia chupa 20 za mbegu na mchanga huko Michigan mwaka 1879. Mwaka 2021 ilifukuliwa nyingine, na baadhi ya mbegu zikaota. Ya mwisho imepangiwa 2100. Lakini zilizoota ni za magugu. Magugu yameumbwa kungoja. Mboga tumezichagua vizazi na vizazi ziote mara tukizitaka, na tabia ya kungoja ikaondoka nayo.

Mwanachama mmoja ameleta kokwa za parachichi na fenesi. Tumezipanda siku hiyo hiyo. Hizo, pamoja na embe, hazihifadhiki hivi: ukizikausha zinakufa.

Machi, masika yanaanza

Tumefungua chupa alasiri, siku isiyo na mvua, tukapima sehemu ya kila mtu, tukafunga. Utaratibu: unachukua kifuniko kimoja cha soda, unarudisha viwili baada ya mavuno, vikiwa vimekauka, na tunavijaribu kabla ya kuvipokea. Mgagani wa Agosti umejaribiwa tena, umeamka. Waliopiga kelele Oktoba ndio waliokuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mwenzetu mmoja anatunza sehemu ya nyanya kwenye friji ya nyumbani, ndani ya chupa iliyozibwa. Tumempa sharti moja: chupa ikitolewa ikae mezani imefungwa mpaka ipoteze ubaridi wote, la sivyo hewa ya chumbani itaacha maji juu ya mbegu.

Ngogwe ya aina nyeupe imetoka kwa kikundi cha Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo mdogo kama huo hauna tena sababu ya kungoja kivuko. Nao wamechukua mnavu wetu. Huku ni kubadilishana. Kuuza sokoni ni jambo lingine: lazima tusajiliwe na shamba likaguliwe na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kwa wakulima wadogo ipo njia ya mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo mzalishaji mwenyewe ndiye anayetangaza ubora wake. Katibu anafuatilia fomu.

Benki kubwa za vinasaba hukausha mbegu kisha huzigandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kama ile ya Svalbard huko Norwe iliyofunguliwa 2008, na huzipanda upya uotaji ukishuka chini ya asilimia 85 ya kiwango cha mwanzo. Kugandisha hatuwezi. Hilo la kupanda upya tunaliweza, na tumeliingiza kwenye kanuni zetu.

Kwa masika haya: kopo la vitunguu lifunguliwe wiki ya kwanza ya kitalu na liishe lote. Kunde zihamishiwe chupa ndogo, ili anayetaka kidogo asifungue kubwa. Bamia ya rafu ya juu, iliyosinyaa kwenye jaribio la Oktoba, ipandwe yote msimu huu. Mwakani isikutwe kwenye orodha.